Kuku Mzima wa Mama Mkwe

Kiseke, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Yudita,

Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Shikamoo, dada. Mfikishie na mama shikamoo yangu kabla hujaendelea, maana najua unamsomea kwa sauti. Goti lake linaendeleaje? Mvua zimefika Kibakwe, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kunyeshea wengine? Sisi huku hatujambo. Wifi yako Milembe anasumbuliwa na mafua kwa sababu ya baridi ya kiwandani, na mwanetu Kabula amerefuka kiasi kwamba lile gauni ulilomshonea sasa analivaa kama blauzi.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa yule mwalimu aliyepandia treni Gulwe. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Unasema binamu yetu Hezroni alipopita kwangu alinikuta nimefunga kanga kiunoni, napika, na mke wangu hayupo. Unauliza kama ni kweli, na kama ni kweli, kwa nini nisirudi nyumbani kulima kuliko kukaa mjini nikishika mwiko.

Ni kweli, dada. Isipokuwa haikuwa kanga, ilikuwa taulo. Lakini Hezroni alikaa muda mfupi, akanywa chai na kuondoka, kwa hiyo alichokuleteeni ni kipande tu. Nataka nikusimulie lote, hasa habari ya mama mkwe wangu na kuku wake.

Kiwanda chetu cha nguo kilipoanza kusuasua, tulidhani ni mambo ya kupita. Walipunguza zamu. Kisha mishahara ikaanza kuchelewa. Kisha wakaja wageni wenye suti, wakatembea katikati ya mashine wakizitazama kama watu walioko mnadani wakichagua ng'ombe. Baada ya hapo tukaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja. Mimi nilijipa moyo kwamba fundi umeme haachwi. Nikaachwa. Mitumba imejaa mjini, dada. Shati zuri la Ulaya unalipata kwa bei ndogo kuliko kitambaa chetu kabla hakijashonwa. Hata hili nililovaa ninapokuandikia ni la mtumba, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu.

Aliyepata kazi ni Milembe, katika kiwanda cha samaki. Anasimama zamu nzima juu ya sakafu yenye maji, akichuna minofu ya sangara inayopakiwa ndegeni kwenda ng'ambo. Akirudi, vidole havikunjiki, namfungua vifungo vya koti mimi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia aingie jikoni apulize mkaa na wewe umekaa. Basi nikaanza kupika. Ugali nilikuwa naujua tangu ulipokuwa ukinikalisha kwenye kigoda na kunipa mwiko ili nisilie. Mapanki nimejifunza huku. Ndiyo mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kutolewa, kichwa na uti wa mgongo, na ndiyo mboga yetu ya siku nyingi.

Lakini nilikuwa napika mlango umefungwa. Wenzangu wa kiwandani wakipita kunisalimia, naweka mwiko chini na kushika bisibisi, maana ninatengeneza redio na pasi za watu hapa nyumbani. Wakikuta sufuria motoni nasema Milembe ametoka kidogo. Nadhani walijua. Watu wanajua mambo mengi wasiyoyasema mbele yako.

Halafu tukapata chungu cha umeme. Mke wa mhandisi mmoja wa kigeni, aliyekuja kufunga majokofu kiwandani kwao Milembe, alikuwa akimpa nguo za kufua siku za mapumziko. Walipoondoka nchini alimwachia vitu, na kimoja ni hicho chungu. Kwa nje ni bati lililochorwa maua, ndani mnaingia chungu cha udongo kilichong'arishwa, kizito kama jiwe, na juu kina mfuniko wa kioo. Kuna kitufe kimoja tu cha kuzungusha: kuzima, moto mdogo, moto mkubwa. Milembe hakuwa na habari nacho, akakiweka juu ya kabati akawa anahifadhia vitunguu. Siku moja nikakifungua nione ndani kuna nini. Nikakuta waya wa joto umezungushwa ubavuni, si chini. Nikaelewa kwamba hiki hakichemshi kwa pupa, kinapasha taratibu kutwa nzima, na umeme kinaoutumia ni mdogo kuliko wa pasi. Nikabadilisha plagi, nikajaribu makongoro. Niliyatia asubuhi, jioni yalikuwa yanaachana na mfupa yenyewe. Kilichonifurahisha zaidi, nikwambie ukweli, ni kwamba hakina moshi wala mlio. Unaweza kukaa nje na redio ya mtu mapajani, na chakula kinaiva ndani bila mpita njia kujua.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Magu kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani. La kulia lilikuwa limebaki na ukungu tu, anaona mtu kama kivuli. Alishuka kwenye basi na tenga la kuku watatu, majike mawili na jogoo mmoja mkubwa mwekundu. Hakutaka mtu amshikie lile tenga, ijapokuwa njia yenyewe alikuwa haioni.

Hospitali walimfanyia vizuri, wakamfunga bandeji, wakatupa masharti. Asiiname. Asinyanyue kitu. Asitafune vitu vigumu. Asikae penye moshi, na zaidi ya yote asikohoe kwa nguvu, kwa sababu jicho limeshonwa kwa nyuzi nyembamba kuliko nywele. Mpaka siku ya kurudi kliniki alikuwa haoni chochote. Tukampa chumba, sisi tukahamia sebuleni.

Sasa, dada, unajua hata kwetu mambo ya ukwe yana adabu zake. Kwa mama huyu ni zaidi. Tangu nimuoe binti yake hatujawahi kula chumba kimoja. Nikipita anageukia ukutani. Akitaka kuniambia neno anamtuma Kabula, hata kama nimesimama hatua mbili kutoka alipo. Na mimi namjibu kwa Kabula. Mtoto amezoea, anadhani bibi wote na baba wote huzungumza hivyo.

Mwanzoni jirani yetu Mama Zuhura ndiye aliyempikia. Mwanamke mwema, mwenye mkono wa chakula. Lakini akafiwa na kaka yake huko Sengerema, akavuka na feri ya Kamanga kwenda msibani, na misiba ya kwao haiishi upesi. Milembe yuko zamu. Nikabaki mimi. Nilipika, Kabula akapeleka sahani, na hakuna aliyemwambia mama mkwe kwamba mpishi amebadilika. Hatukukaa tukapanga kumdanganya. Ilipita tu hivyo siku ya kwanza, na siku ya pili ikawa vigumu kusema.

Taabu ni kwamba hakuwa anakula. Nilimpikia mapanki, nikatoa mifupa yote niliyoiona, mmoja ukanipita. Nikiwa uani nikamsikia anapaliwa. Akaanza kukohoa. Dada, sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile nyaya zilipolipuka mbele yangu kiwandani. Niliona jicho la mtu linapasuka kwa sababu ya mboga yangu. Kabula akampa maji, ikapita, lakini samaki hakumgusa tena. Nikamchinja kuku jike mmoja, nikamkatakata kwa panga kama tunavyofanya siku zote. Panga unalijua, linavunja mfupa vipande vidogo vidogo, na mtu mwenye macho anavichambua bila hata kufikiri. Yeye alitia tonge la kwanza, akatoa kipande cha mfupa kwa vidole, akakiweka pembeni. La pili vilevile. Akarudisha sahani. Tangu hapo akawa mtu wa uji. Jioni moja Milembe alimwogesha, akatoka akasema polepole, "Mama anakwisha, Amosi. Nimeshika mkono wake, ni mfupa mtupu."

Nilifikiri kutwa. Kilichokuwa kinamshinda si nyama, ni vipande vya mfupa. Nikasema, kama kuku hatakatwa, mfupa hautavunjika, na kama ataiva kweli, mifupa itatoka mizima yenyewe. Oveni sina. Nimeiona moja tu maishani, kwa yule mhandisi nilipokwenda kumrekebishia swichi. Kwenye sufuria juu ya mkaa, kuku mzima angeungua chini kabla hajaiva katikati, na moshi juu. Nikakitazama kile chungu.

Nikamwandaa jike wa pili. Nilimsafisha, nikamkausha kwa kitambaa mpaka ngozi isiteleze. Nikamsugua chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, ndani na nje, nikakamulia ndimu. Firigisi na maini nikavirudisha tumboni. Miguu nikaifunga kwa uzi mweupe wa kiwandani, bado nilikuwa nao. Chini ya chungu nikatandika vitunguu vilivyokatwa vinene na viazi, ili asikalie udongo wenye joto, nikamlaza juu yake, kifua juu. Maji sikutia hata tone. Hapo nilisitasita, kwa sababu mkono wangu wote ulikuwa unaniambia tia maji. Nikafunika, moto mdogo, asubuhi kabla Milembe hajatoka.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kutofunua. Ukifunua, joto linatoka na unaanza upya. Nilikaa nikitengeneza pasi ya mtu huku nikitazama kupitia kioo cha mfuniko, naona jasho tu. Hadi mchana niliamini nimeharibu kuku. Baadaye kidogo harufu ikaanza kuja, haikuwa ya kukaanga wala ya kuchemsha, ilikuwa harufu ya kuku mwenyewe. Nilipofunua alasiri, alikuwa amekaa katika mchuzi wake uliofika nusu ya paja, na mimi sikutia maji. Ngozi ilikuwa nyeupe, si ya kupendeza macho, lakini aliyepikiwa alikuwa haoni. Nilishika mfupa wa paja nikauvuta. Ulitoka mtupu, mzima, kama mtu anavyotoa kalamu mfukoni.

Nikaichambua nyama yote kwa vidole, nikaipitia mara mbili, nikamwagia mchuzi, nikaponda na viazi. Kabula akapeleka. Nikasimama nyuma ya mlango kama mwizi, nikisikiliza kijiko. Kijiko hakikusimama. Baadaye Kabula akatoka na sahani tupu akasema, "Bibi anasema, bado ipo?"

Nilikwenda uani nikanawa uso.

Siku zilizofuata alikula vizuri. Nyama na mchuzi uliobaki nilimpa kidogo kidogo, nikamtengenezea na makongoro kwa njia ileile. Mashavu yakarudi. Akawa anazungumza, anamsimulia Kabula hadithi za Kisukuma, anauliza habari za majirani. Kila alipomaliza kula alimtuma mtoto: "Mwambie Mama Zuhura mkono wake usichoke." Mimi nilikuwa naitikia kichwani. Milembe akasema tuache hivyo, mama ataondoka amepona, kuna ubaya gani. Nami niliona hakuna.

Alasiri moja Kabula akanifuata nje. "Bibi anasema umwite Mama Zuhura. Ana zawadi yake."

"Mwambie hayupo."

Akaenda, akarudi. "Bibi anasema amekula chakula chake sasa hivi. Atakuwaje hayupo?"

Nikaingia ndani. Pazia la chumba lilikuwa limefunguliwa. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, amenyooka, bandeji usoni, na mapajani ameweka kitenge kipya kilichokunjwa, kile alichokuja nacho avae siku ya kutoka. Alikuwa anataka kukitoa na kumbariki mtu kwa mikono yake. Dada, ningeweza kumdanganya kwa mara nyingine. Lakini baraka si kitu cha kumwachia mtu apeleke mahali pasipo penyewe.

"Mama," nikasema, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto. "Mama Zuhura yuko msibani Sengerema. Chakula nimepika mimi."

Kisha akageuza uso kuelekea alipokuwa Kabula. "Kabula, muulize baba yako, tangu lini?"

"Tangu alipovuka," nikasema.

"Muulize, na yule kuku?"

"Na yule kuku."

Akakipapasa kile kitenge, akakikunja tena ingawa kilikuwa kimekunjwa, akakitia kwenye mfuko wake. "Mwambie baba yako nimesikia."

Jioni hiyo hakula. Milembe aliporudi akaingia kwake, wakafunga mlango, wakaongea Kisukuma. Kisukuma changu ni cha sokoni, lakini ukuta wetu ni mwembamba na maneno mengine hayahitaji kamusi.

"Umemgeuza mume wako mpishi," mama alisema.

"Sikumgeuza. Kazi yake ilikwisha, mama. Njaa yetu haikwisha."

"Mkwe wangu anichambulie mifupa kama mtoto mchanga? Nikirudi Magu nitasema nilikaa kwa nani?"

"Utasema ulikaa kwa watu waliotaka upone."

Nilichosikia baada ya hapo ni mama mkwe analia, na Milembe anamwambia asilie, jicho. Nililala sebuleni nikitazama dari. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake. Kwa aibu yake sikujiandaa. Kumbe nilidhani aibu katika nyumba hii ni yangu peke yangu, mimi ninayejificha na mwiko, na yeye naye alikuwa na yake, ya kuja kwa mkwe kama mgeni wa heshima na kuwa mzigo.

Asubuhi alisema anataka basi la Magu. Milembe akamkatalia kwa ajili ya daktari, akaenda kazini macho mekundu. Nikamchemshia mama uji, nikaukabidhi kwa Kabula, nikatoka nje na kazi zangu. Jua lilipopanda Kabula akaja.

"Bibi anauliza, jogoo bado yupo?"

"Yupo."

"Bibi anasema achinjwe. Anasema umnyonyoe, umsafishe, halafu umlete kwake. Na chungu. Anasema atampika mwenyewe. Wewe utawasha umeme tu."

Nilikaa nikalitafakari neno hilo, nikaona jinsi alivyolipima usiku kucha. Yeye ataweka kila kitu kwa mikono yake, kwa hiyo hatakuwa amepikiwa na mkwe. Mimi nitabonyeza swichi, kazi ya fundi. Na anayepika ni umeme, ambao hauna mama mkwe. Hakuna ambaye angeweza kusema kitu.

Nikamwekea chungu juu ya stuli mbele yake, na sinia la kuku, na viungo kwenye vikombe. Mimi nikakaa upande wa pili wa pazia, Kabula katikati.

"Mwambie bibi aanze na vitunguu chini."

"Bibi anasema anajua."

Nikasikia mikono yake ikipapasa. Alimshika yule jogoo kwa muda mrefu, kidari, mapaja, mbawa, kama anamkagua kama ametimia. Akauliza firigisi iko wapi. Nikasema imo tumboni. Akaitafuta, akaikuta, akairudisha.

"Mwambie baba yako mbona hakuna maji?"

"Mwambie bibi kuku ana maji yake."

"Mwambie baba yako jogoo huyu ana miaka. Huyu hana maji, ana ubishi."

Kabula akacheka. Na mimi nikacheka, siwezi kukuficha, na nyuma ya pazia nikasikia pumzi imetoka puani kwa mama mkwe, ile ya mtu anayezuia. Hakutia maji. Akafunika mwenyewe. Nikawasha.

Jogoo wa kienyeji ni kazi, hata kwa chungu kile. Nilipanga aive kutwa, kisha jioni Milembe ambanike ngozi. Lakini mchana, hata nusu ya safari hajafika, redio niliyokuwa nikiijaribu ikanyamaza. Mgao wa umeme. Zamu yetu ilikuwa ya usiku, lakini siku hizi wanakata wanavyotaka. Nikangoja kidogo, nikangoja tena. Nikagusa ubavu wa chungu, joto lilikuwa linapungua. Kuku wa uvuguvugu haachwi akae hivyo, anaharibika na anaweza kumdhuru mtu, na chungu kile ukikiweka juu ya mkaa kinapasuka. Dawa ni kumhamishia kwenye sufuria na kuwasha moto. Lakini hapo umeme haupo tena, atakayepika ni mtu. Nikasimama sebuleni sijui nimtume Kabula akaseme nini.

"Baba Kabula."

Nilidhani nimesikia vibaya. Hajawahi kuniita, dada, tangu nimjue.

"Naam, mama."

"Jogoo wangu ataharibika. Koleza moto."

"Itabidi niwashe nje, mama, kwa ajili ya moshi. Na nje kuna watu."

"Watu hao ndio walionichambulia mifupa?"

Nikatoa jiko nje, mbele ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye njia anaona. Nikawasha mkaa, nikapuliza mpaka ukawa mwekundu. Nikamhamishia jogoo kwenye sufuria kubwa pamoja na mchuzi wake wote, nikafunika, nikapunguza moto. Nilikaa pale kwenye kigoda na taulo langu kiunoni alasiri yote. Wawili wa kiwandani kwetu wakapita. Mmoja akasema, "Fundi, leo umehamia jikoni?"

"Nampikia mama mkwe jogoo," nikasema.

Walisimama. Nilingoja kicheko. Yule mwingine akanusa, akauliza nimeweka tangawizi au nini, nikamwambia. Wakaendelea na safari yao. Sijui walisema nini mbele ya safari, na nimegundua kwamba sina haja ya kujua.

Jogoo alipolainika nikautoa mchuzi, nikaweka mfuniko wa bati na mkaa juu yake, kama watu wanavyooka keki bila oveni, mpaka ngozi ikapata rangi ya kahawia na kuanza kupasuka. Milembe alinikuta hapohapo aliporudi. Alisimama akiwa bado na mabuti ya kiwandani, akanitazama, akatazama barabara, akatazama jiko. Akaingia ndani kumwona mama yake, na baadaye nikawasikia wanazungumza kwa sauti ya kawaida, habari za mbegu na za shangazi fulani.

Mama mkwe alitaka aletewe jogoo mzima kwenye sinia, kabla hajachambuliwa. Akamgusa kwa ncha za vidole, moto moto hivyo. Akachomoa firigisi mwenyewe. Akampa Kabula. "Mpelekee baba yako."

Nilikula firigisi hiyo nimesimama uani, dada, na sikuweza kuimaliza upesi.

Siku ya kliniki tulikwenda wote, mimi nikatembea nyuma yao kidogo. Daktari akafungua bandeji, akampa miwani yenye vioo vinene kama chini ya chupa. Mama mkwe aliivaa. Akatazama mikono yake mwenyewe kwanza, mbele na nyuma. Kisha akamtazama Kabula. Hajawahi kumwona mtoto huyu vizuri tangu azaliwe. Akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema ana paji la uso la marehemu babu yake. Milembe ikabidi atoke nje.

Umeniuliza kuhusu kurudi. Nimelifikiria, na si kwa dharau. Shamba la baba halijanitoka moyoni. Lakini hapa nina benchi langu la ufundi, nimelitoa nje sasa, chini ya upenu, karibu na jiko, na kazi zinaongezeka kwa sababu kila mtu ananunua redio na pasi zilizotumika na zote zinaharibika. Milembe ana kazi, Kabula ataanza shule. Nitakuja wakati wa kuvuna, na nitakuja na Kabula. Na kwa kuwa unasema meno ya mama yamekuwa ya taabu, kuku mzima anaiva hata bila umeme. Chukua chungu cha kawaida, tandika vitunguu chini, tia maji kikombe kimoja tu kwa sababu ya moto wa kuni, ziba mfuniko kwa unga uliokandwa, weka juu ya makaa yaliyofunikwa majivu, na uende shambani. Usifunue mpaka urudi.

Mama mkwe amerudi Magu wiki hii. Asubuhi ya safari nilipita uani nimebeba ndoo ya maji, naye alikuwa ameketi kwenye mkeka na miwani yake, anatazama ziwa kule chini kati ya mawe. Aliponiona akafanya kama alivyofanya siku zote: akainamisha uso, akavuta kitenge, akageukia ukutani. Nami nikapita upande wangu, kichwa chini. Nilifurahi, dada, sijui kama utanielewa. Muda wote ule wa bandeji hakuwa na haja ya kuniepuka, maana alikuwa haoni. Sasa anaona, na anachagua kuniheshimu.

Nisalimie mama sana. Nisalimie shemeji yangu, mumeo, mwambie ile tochi aitume kwa yeyote anayekuja huku, nitaitengeneza. Wasalimie watoto wako wote, na mjomba wetu mkulima wa karanga, na mama mdogo wa kwaya, na mchungaji mzee aliyenibatiza kama bado anatembea. Hezroni naye msalimie, mwambie akija tena asiondoke na chai tu, asubiri chakula. Milembe anakusalimu, na Kabula amenishika mkono anataka achore kitu hapa chini. Ni kuku, ukimtazama kwa kumhurumia.

Mungu awalinde mpaka tutakapoonana uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako,
Amosi